Wiki Sita Nje ya Geti: Uzingativu kama Kinga ya Kurudia Ulevi

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wauguzi, washauri nasaha na maofisa ustawi wa jamii, Moshi



Waandaaji wameniomba nizungumzie uzingativu na nafasi yake katika tiba ya uraibu wa pombe. Nimeipokea mada kama ilivyo, ila naomba ruhusa ya kuibana. Maelezo ya jumla mnayo kwenye makabrasha ya asubuhi. Muda wangu mwingi nitautumia kwenye jambo moja ambalo nimelisemea katika vikao vingi vya kanda hii, nalo limekuwa likiingizwa kwenye kumbukumbu za kikao na kuishia humo: mbinu hii tunaifundisha mahali ambapo haina kazi kubwa, kisha mtu anapofika pale inapohitajika, sisi hatupo.

1. Maana, kwa kifupi

Utegemezi wa pombe sina haja ya kuueleza kwa hadhira hii. Dodoso la AUDIT lenye maswali 10 mnalijua, na mnajua kwamba alama 8 na kuendelea ni unywaji wa hatari, na 20 na kuendelea zinatufanya tushuku utegemezi. Mnajua pia kwamba mtu aliyezoea kuzimua kila asubuhi haachishwi ghafla akiwa peke yake nyumbani. Degedege inaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kukafuata siku ya pili hadi ya nne. Huyo anahitaji kitanda, diazepam, thiamine na muuguzi wa zamu. Nalisema hili waziwazi kwa sababu nimeshuhudia mtu analowa jasho, mikono inatetemeka, naye anaambiwa akae kitako apumue taratibu. Uzingativu unaanza baada ya mwili kutulia, si kabla.

Uzingativu wenyewe ni kuelekeza akili kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa hivi, mwilini, moyoni na mbele ya macho, bila kukikimbia na bila kukitolea hukumu. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn aliuingiza hospitalini, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wa maumivu sugu na msongo. Upande wetu wa uraibu, msingi uliwekwa na Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, ambaye mwaka 1985, pamoja na Judith Gordon, alitoa kitabu kilichobadilisha namna tunavyotazama kurudia ulevi. Kabla yake wengi walidhani anayerudia ni mtu asiye na nia. Marlatt alionyesha kwamba kurudia kuna mazingira yake, kuna dalili zake, na kwamba mtu anaweza kufunzwa kuzitambua. Baadaye yeye, Sarah Bowen na Neha Chawla wakaunganisha kinga hiyo na mazoezi ya uzingativu. Ikapatikana programu ya vikao 8, kimoja kwa wiki, kila kimoja cha saa mbili, katika kikundi kidogo. Marlatt alifariki mwaka 2011.

2. Kinachofanyika ndani ya kikao

Hamu ya pombe ina mwanzo, kilele na mwisho. Marlatt aliieleza kwa mfano wa wimbi, akafundisha watu kulipanda badala ya kupigana nalo. Wengi ninaokaa nao hapa hawajawahi kuingia baharini, hivyo mimi huwapa habari ya homa ya malaria: baridi inaanza, mwili unatetemeka, homa inapanda mpaka unadhani hutavuka usiku, kisha jasho linatoka na inashuka. Hilo wanalielewa bila maelezo. Mtu ambaye kwa miaka mingi amekunywa kila hamu ilipopanda hajawahi kuiona ikishuka yenyewe. Kikao kinampa nafasi ya kuiona.

Niwape picha ya kikao cha tatu. Tunakaa kwenye chumba cha kliniki baada ya wagonjwa wa nje kwisha. Viti ni vya plastiki. Ng'ambo ya barabara kuna grosari, na jiko la nyama choma limeshawashwa. Mmoja akitaka kufunga dirisha namwomba aliache wazi. Fundi wa gereji (nimechanganya habari za watu kadhaa ili asitambulike yeyote) anairudia akilini Jumamosi yake: saa 11 jioni, mafundi wananawa mikono kwa sabuni ya unga, bosi anawaita grosari kwa kuwa ndiko anakolipia vibarua wake. Namuuliza hamu iko wapi. Anasema haiko kichwani. Iko kwenye taya, na mate yamejaa mdomoni. Tunakaa nayo hapo. Kidogo anasema imeteremka kifuani, imekuwa kama hasira. Hasira ya nini? Ya kusubiri hela yako mwenyewe mbele ya chupa ya mwenzako. Dakika zinapita. "Imepungua," anasema, "ila bado ipo."

Jibu hilo ndilo ninalolitafuta. Angeniambia imekwisha kabisa, ningejua ananifurahisha.

Kutoka hapo tunamfundisha hatua tano ambazo anaweza kuzifanya akiwa amesimama kwenye foleni ya mshahara na hakuna atakayejua. Simama, acha ulichokuwa ukifanya. Tazama mwili, mawazo na hisia. Pumua, ukiifuata pumzi yako tu. Panua macho na masikio, urudi kwenye mwili mzima na watu waliokuzunguka. Kisha jibu: chagua utakachofanya. Zoezi zima halizidi dakika tatu. Lakini mwili hauwezi kulikumbuka siku ya mtihani kama haukulizoea siku za kawaida, na hapa ndipo yanapoanza mazoezi ya nyumbani.

3. Utafiti unasema nini

Nitasema kwa tahadhari, kwa kuwa naona kuna watu wanaouza uzingativu kama dawa ya kila kitu.

Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Bowen na wenzake, uliochapishwa mwaka 2014. Watu 286 waligawanywa katika makundi matatu: wa kwanza walipata uzingativu, wa pili kinga ya kawaida ya kurudia ulevi, wa tatu huduma iliyokuwepo. Miezi 6 baadaye makundi mawili ya kwanza yalikuwa na nafuu kuliko la tatu. Baada ya miezi 12 wale wa uzingativu walikuwa na siku chache zaidi za kutumia vilevi kuliko wale wa kinga ya kawaida. Lakini mapitio ya mwaka 2017 yaliyojumlisha majaribio 9 yenye washiriki 901 hayakuona tofauti ya maana katika kurudia. Nafuu ndogo ilionekana kwenye hamu na kwenye madhara ya matumizi. Na utafiti wa mwaka 2019 kwa watu 123 wenye utegemezi wa pombe, ulioongozwa na Zgierska, ulikuta unywaji umepungua kwa makundi yote mawili kwa kiasi kinacholingana, ingawa waliohudhuria na kufanya mazoezi ipasavyo walikuwa na hali bora. Inawezekana wanaohudhuria ni watu wa aina nyingine tangu mwanzo. Inawezekana pia ni kule kuhudhuria.

Kwa hiyo ni mbinu moja kati ya kadhaa. Haiondoi dawa: naltrexone na acamprosate ziliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2023, na anayeweza kuzipata azipate. Haiondoi hatua 12 wala ibada.

Ila naomba mrudi kwenye utafiti wa 2014 muangalie kitu ambacho huwa hakisomwi. Wale 286 walikuwa ni watu waliokwisha kumaliza tiba ya awali. Uzingativu walipewa kama huduma ya baada ya tiba, wakiwa wameanza tena maisha yao. Hata wale Wamarekani wenye fedha na wataalamu hawakuujaribu ndani ya ukuta kisha wakaishia hapo.

4. Geti

Sasa nije kwenye geti.

Ingieni kwenye nyumba yoyote ya upataji nafuu, soba hausi kama tunavyoziita, mtakuta ratiba ukutani. Kuamka, sala, usafi, chai, kikao, kazi za mikono, chakula. Siku hizi kati ya chai na kikao kumeongezwa mstari: uzingativu, nusu saa. Wafadhili wakija wanaonyeshwa. Wakazi wamekaa kwa mstari, wametulia kweli, na mimi sina ubaya na utulivu wao. Lakini angalieni wanachokosa humo ndani. Pombe haipo. Hela haipo. Simu iko kabatini ofisini. Mlinzi yuko getini. Fundi wangu hana Jumamosi ndani ya soba, hana bosi, hana shemeji mwenye ofa, hana elfu kumi mfukoni. Hamu inamjia, sikatai, hasa wiki za mwanzo. Lakini ni hamu isiyo na mlango wa kutokea. Anajifunza kukaa nayo kwa sababu hana pengine pa kwenda nayo.

Siku ya kutoka kuna cheti, kuna picha ya pamoja, kuna ushuhuda. Familia imeshatumia akiba yake yote kulipia miezi, wengine wameuza ng'ombe. Mtu anapewa nauli na neno la kumtaka ajilinde. Jioni hiyo hiyo anashuka stendi, na kati ya stendi na nyumbani kwao kuna grosari ambazo wenye nazo wanamwita kwa jina.

Marlatt na wenzake walipochunguza watu walirudia vipi, karibu robo tatu ya matukio yaliangukia sehemu tatu: hisia mbaya, ugomvi na watu wa karibu, na msukumo wa marafiki au jamii. Zote tatu makao yake ni nje ya geti. Na uchambuzi wa Hunt na wenzake wa mwaka 1971, uliolinganisha pombe, sigara na heroini, ulikuta kwamba takriban theluthi mbili ya waliotibiwa walikuwa wamerudia ndani ya miezi mitatu, wengi wao mapema kabisa. Sasa hesabuni: vikao 8 ni miezi miwili. Hiyo miezi miwili tunaimalizia ndani, halafu ile mitatu ya hatari tunampa cheti.

Kwa nini tunafanya hivyo? Silaumu vituo. Najua bajeti zao. Ndani kuna anayelipa, kuna mahudhurio ya uhakika, na kuna cha kuandika kwenye ripoti: wakazi kadhaa wamepata mafunzo, sahihi hizi hapa. Akitoka halipi, hahudhurii kwa uhakika, na fomu ina safu ya walioingia na safu ya walioruhusiwa. Safu ya tatu haipo. Katika kituo kimoja nilichofanya kazi niliandika kuomba kikundi cha waliotoka, kikutane Jumamosi jioni. Jibu lilikuwa kwamba hakuna fungu, na kwamba waliotoka si wagonjwa wetu tena. Nikapunguza ombi, nikaomba nauli tu. Jibu likaja lile lile, sahihi tofauti.

Si wagonjwa wetu tena! Linganisheni na kliniki ya VVU (CTC) iliyopo pengine jengo la pili. Mtu wa dawa za VVU akikosa tarehe yake, anapigiwa simu. Asipopatikana, mhudumu wa ngazi ya jamii anatumwa kumtafuta kijijini. Hakuna anayesema aliyepewa dawa mwezi uliopita ameshahitimu. Tumekubali kwamba ule ni ugonjwa wa muda mrefu, na ufuatiliaji wake umejengwa hivyo. Uraibu wa pombe tunautamka kuwa ugonjwa wa muda mrefu kwenye semina kama hii, kisha tunauhudumia kama mguu uliovunjika. Ofisi nazo zimeugawana bila kuubeba. Mamlaka ya dawa za kulevya inasimamia soba hausi, lakini pombe si dawa ya kulevya kisheria. Leseni za vileo ziko halmashauri. Hospitali inampokea akishaanza kutetemeka. Serikali ilipoamua kuvipiga marufuku viroba vya pombe, kuanzia 1 Machi 2017, ilionyesha kwamba inaweza kugusa upatikanaji wa pombe. Kuhusu mtu aliyekwisha kuacha na anataka kubaki ameacha, sijui aende mlango gani.

Kuna jambo la pili lililofungamana na geti, nalo linanikera zaidi. Ni kanuni ya "aliyekunywa asiingie". Marlatt alieleza kinachotokea kichwani mwa mtu aliyeapa kuacha kabisa kisha akanywa glasi moja. Hajilaumu kwa glasi. Anajilaumu kwa utu wake wote. Anajiambia, nimeshaharibu, basi bora nimalize. Hapo glasi moja inakuwa kreti. Programu ya uzingativu imeundwa hasa kuukata mnyororo huo kati ya kuteleza na kuanguka: mtu aone kwamba amekunywa, aone aibu ilivyo mwilini, asimame kabla ya glasi ya pili, aje aseme. Sisi tumefanya nini? Tumemweka mbele ya kanisa atoe ushuhuda, tumempa cheti chenye jina lake, tumemwambia akinywa anaanza kuhesabu siku upya kuanzia moja na asitusogelee. Aibu ambayo kikao kinajaribu kuipunguza, taratibu zetu zinaiongeza. Huyo mtu akiteleza Jumanne, Jumatano hawezi kuja kwetu, kwa sababu sisi ndio wa kwanza anaotuogopa.

Najua hoja ya upande wa pili. Mlevi akiingia kikaoni anavuruga wengine, na harufu tu inawaamshia hamu. Ni kweli. Kwa hiyo siku hiyo hakai kwenye duara. Anakaa nje na mwezeshaji wa pili, anapewa chai, anaangaliwa kama kuna dalili za hatari, anasindikizwa. Wiki inayofuata kiti chake kipo. Hiyo ndiyo sababu wanahitajika wawezeshaji wawili, nasi tunamweka mmoja, tena aliyetoka zamu ya usiku.

Na kuna Desemba. Mkoa wa Kilimanjaro mnaujua mwisho wa mwaka: magari yanapanda mlimani, wanaofanya kazi Dar es Salaam na Arusha wanarudi kwao, kila uwanja una mbege na kila kaka mkubwa ana ofa. Katika msimu huo vituo vingi vinaruhusu watu mapema ili wale sikukuu na familia, na watumishi wanachukua likizo. Anayetoka anapokelewa kwa sherehe, na sherehe ina kata ya mbege. Akikataa anaulizwa kama ameokoka. Akisema hapana anaulizwa, kwa sauti ya chini, kama yuko kwenye dawa. Kukataa kata mbele ya wazee kunahitaji sentensi ambayo mtu ameshaifanyia mazoezi mdomoni, pamoja na pumzi ya kuisubiria. Hatujamfundisha hiyo sentensi. Tumemfundisha kufumba macho kwenye chumba tulivu.

5. Mambo mengine, kwa haraka

Dini. Wapo viongozi wa dini wanaoingiwa na wasiwasi kwamba hii ni ibada ya kigeni. Mazoezi haya yana asili ya Kibudha na sioni sababu ya kuficha. Katika kikao hatutumii kengele, hatukunji miguu, hatutamki maneno ya lugha nyingine. Tunakaa kwenye viti na tunaangalia pumzi. Nimewahi kuwakaribisha mchungaji na ustadhi wakae kikao kizima, na maswali yao yalikuwa mazuri kuliko ya wataalamu wengi.

Macho. Msimlazimishe mtu afumbe. Kuna ambaye akifumba anaona alichofanyiwa au alichofanya. Aangalie sakafu.

Nyumbani. Mwongozo wa programu unadhani mtu ana chumba. Wengi wetu tunahudumia watu ambao familia nzima inalala chumba kimoja na redio ya jirani haizimwi. Zoezi lifanyike kwenye daladala, kwenye foleni ya maji, wakati wa kuosha vyombo. Sauti za mazoezi tuziweke kwenye kadi ya simu, tukikumbuka kwamba simu ndiyo kitu cha kwanza kuuzwa mtu akirudia.

Wanawake. Wapeni kikundi chao na saa yao. Mama anayekunywa anafichwa na familia mpaka ini limeharibika, na hawezi kusimulia mbele ya wanaume wa mtaa wake. Saa 11 jioni kwake ni saa ya kupika. Na anayepika mbege au gongo ili asomeshe watoto hawezi kuambiwa akae mbali na pombe. Sufuria liko jikoni kwake. Hili linastahili mada nzima, na naomba waandaaji walipange.

6. Mapendekezo

Baadhi nimeshayagusa. Nayarudia kwa sababu mapendekezo ndiyo yanayonakiliwa.

Kwa vituo na soba hausi: vikao 8 vianze mtu akiwa amebakiza wiki mbili kutoka, na sita vilivyobaki vifanyike nje ya geti. Mazoezi ya asubuhi ndani ya kituo yaendelee kama maandalizi, lakini yasiandikwe kwenye ripoti kuwa ni programu kamili. Kabla hajatoka kila mmoja achore njia yake ya kutoka kazini hadi nyumbani, aweke alama kwenye grosari, kwenye nyumba ya rafiki wa ofa, na kwenye siku ya mshahara. Ramani hiyo ndiyo iwe vifaa vya kikao, badala ya mifano ya kitabuni.

Kanuni ya aliyekunywa asiingie iondolewe. Wekeni utaratibu wa siku hiyo niliouleza, na kiti cha wiki inayofuata.

Msimwachie mtu aondoke katikati ya Desemba bila kikundi. Kama lazima aende sikukuu, kikao kiwepo tarehe 27 au 28, na watumishi wapangiane likizo kwa zamu. Najua pendekezo hili halipendwi.

Kwa hospitali na vituo vya afya: chumba kitolewe baada ya saa za kliniki, jioni na Jumamosi. Hakihitaji mkeka wala zulia. Tumieni mfano wa CTC kwa ufuatiliaji: simu akikosa kikao kimoja, mhudumu wa jamii akikosa viwili. Wahudumu hao wapo tayari, na kata wanazifahamu. Hospitali ya KCMC wameshaonyesha kwamba muuguzi wa dharura anaweza kuzungumza na majeruhi kuhusu pombe kwa muda mfupi palepale kitandani. Mazungumzo hayo yamalizike kwa kumpa mtu siku na saa ya kikundi, yasiishie kwenye ushauri.

Kwa wanaosema hatuna wataalamu: kule Eldoret, katika kliniki za VVU, watu wasio wataalamu wa saikolojia walifunzwa, wakasimamiwa, wakaendesha kwa Kiswahili vikundi vya tiba ya mawazo na tabia kwa wanywaji. Utafiti wao wa watu 614, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha unywaji umepungua kuliko kwenye kundi la kulinganisha. Hiyo si tiba ya uzingativu, ila inajibu hoja ya wataalamu. Tunachohitaji ni mtu anayefanya mazoezi haya mwenyewe kila siku, aliyefunzwa, na mwenye wa kumsimamia. Waliopata nafuu wenyewe wanafaa sana, wakilipwa. Tabia ya kuwatumia kwa kujitolea mpaka wachoke nayo iachwe.

Wawezeshaji wawe wawili. Narudia: wawili.

Kwa familia: wasimtolee mtu ushuhuda kabla yeye hajautaka. Wasiandae mapokezi yenye pombe, hata "ya wageni tu". Na akiteleza, swali la kwanza lisiwe "umeanza tena?"

Kwa waajiri wa vibarua, na hapa naomba maofisa ustawi wa jamii na maofisa kazi wanisaidie: malipo yasitolewe grosari. Yatumwe kwa simu, au yatolewe mahali pa kazi kabla ya watu kunawa mikono. Hili halina gharama.

Kwa halmashauri: mnapopokea maombi ya leseni ya kileo karibu na kituo cha afya au soba hausi, ulizeni kwanza wanaohudumia humo. Na fungu la nauli ya waliotoka liingizwe kwenye bajeti ya ustawi. Ni nauli ya daladala ya vikao sita kwa mtu mmoja, pamoja na vocha ya mwezeshaji. Nimeshaiandika hesabu hiyo mara kadhaa na haijawahi kufikia gharama ya chakula cha mchana cha semina.

Kwa wizara na mamlaka husika: ofisi moja itajwe kwa maandishi kuwa ndiyo inayowajibika na mtu aliyeacha pombe baada ya kutoka kituoni. Iwe yoyote. Na fomu ya taarifa iongezwe safu ya tatu: yuko wapi baada ya mwezi 1, baada ya miezi 3, baada ya miezi 12, na kama aliteleza alirudi kwetu baada ya siku ngapi. Hicho kipimo cha mwisho ndicho ningependa tupimwe nacho, kuliko idadi ya vyeti.

Rasimu ya fomu hiyo ni ukurasa mmoja. Nakala ziko mezani kwa katibu wa semina, na nimeacha kalamu.